Nimefunguliwa mara sita

Leo nimeamka nikakaa kitandani nahesabu, nikakuta ndani ya miaka mitatu nimefunguliwa mara sita, yaani kuombewa kanisani nitolewe mapepo na vifungo. Sita jamani. Na kila mara nilitoka pale nimelia mpaka sauti imekauka, mwili mwepesi, najiambia sasa basi, imeisha, halafu wiki mbili haziishi naota ndoto ya ajabu ajabu au nakosana na mtu kazini, basi moyo unaanza, kuna kitu kimebaki, kuna mlango sikuufunga, narudi kwenye foleni.

Sisemi watu hawafungwi. Wanafungwa, na nimeshaona kwa macho yangu mtu akiombewa na akabadilika kabisa, siwezi kubisha hilo. Naongelea mimi. Mimi ambaye kila nikipiga chafya nilikuwa nakemea mapepo.

Mara ya tano ndo walinipa fomu. Kurasa mbili, unaandika majina ya mababu na mabibi wa pande zote mbili, kisha unatiki: nani alikwenda kwa waganga, nani alikufa ghafla, nani alikuwa na maagano na mizimu. Huduma yenyewe siitaji, haitasaidia kitu, na wale watu walinipenda kwa namna yao. Sasa upande wa baba sikuwa najua chochote, babu alifariki mimi bado sijajua hata kutambaa, nikampigia shangazi.

"Shikamoo shangazi, naomba kukuuliza habari za babu."

"Marahaba. Babu yupi, baba yangu mimi?"

"Ndiyo. Nataka kujua kama alikuwa na mambo ya... yaani maagano, mizimu, vitu hivyo."

Akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekata.

"Mwanangu, baba yangu alikuwa mtu wa kucheka. Akianza kucheka mpaka anashika ukuta. Amekukosea nini mpaka unamfungulia kesi kaburini?"

Nikacheka cheka pale, nikaaga. Na unajua nilifanya nini? Nikatiki ndiyo. Kalamu ya bluu. Nilijiambia shangazi anaficha tu, watu wa kale si unawajua, na kama sio yeye babu basi matatizo yangu yametoka wapi?

Mara ya sita sikuhisi kitu, nilianguka kwa sababu wa kulia kwangu na wa kushoto walianguka.

Ndo nikaanza kusoma Wagalatia mwenyewe, polepole, kwenye ile Biblia ya Union ya 1952 yenye kile Kiswahili kigumu. Sura ya 5 mstari wa 1: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Nimeusikia huo mstari mara mia, unapigiwa kelele, watu wanarusha leso. Ila sikuwahi kusimama kwenye hilo neno kongwa. Kongwa ni ule mti wenye panda waliokuwa wanafungwa watumwa shingoni, unatembea nao, unalala nao, ukitaka kugeuka kumuangalia mwenzako huwezi mpaka mti ugeuke. Na kingine, kaandika "alituandika huru", kama hati vile, wino umeshakauka.

Halafu nikarudi nyuma kuangalia Paulo anagombana na nani. Nilikuwa nina uhakika ni mapepo. Sio mapepo! Anagombana na watu wa kanisani, waliokuja kuwaambia Wagalatia kwamba Yesu ni sawa, ila bado kuna ka kitu, tahirini kwanza, shikeni torati. Na sura ya 4 mstari wa 10 analalamika kabisa, "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka." Nikaangalia daftari langu la maombi. Mwezi wa kuvunja, mwezi wa kupokea, siku 21 za hiki, siku 7 za kile. Niliona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Kuhusu babu nako kuna Ezekieli 18, sura nzima. Watu walikuwa na msemo wao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, na Mungu anawaambia huo msemo waache kuutumia, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Najua mtu ataniletea Kutoka 20, Mungu kuwapatiliza wana maovu ya baba zao mpaka kizazi cha tatu na cha nne, na mimi niliishi humo miaka mitatu, nilikuwa naishia mstari wa 5, wa 6 wenye rehema kwa maelfu sikuwa naufikia kabisa.

Yule mwenye mapepo wa Marko 5, wa makaburini, aliyekuwa anakata minyororo, huyo namfikiria sana siku hizi. Alifunguliwa mara moja. Watu wakaja wakamkuta ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na wao ndo wakaogopa (mapepo yake yaliingia kwa nguruwe wapata elfu mbili, wakaishia baharini, lazima uogope). Akaomba amfuate Yesu na Yesu akakataa, akamwambia nenda nyumbani kwako, kwa watu wa kwenu. Hakumwambia rudi Ijumaa.

Watu wa kwenu. Mimi wa kwetu nilikuwa nimewajaza kwenye fomu.

Kile kichupa cha mafuta ya upako nilikuwa nalala nacho chini ya mto, kilikuwa kinavuja mpaka foronya ikapata doa la njano lisilotoka. Juzi nimekitoa, sijakitupa, kusema kweli nimeogopa kukitupa, kipo kabatini nyuma ya mashuka. Usiku saa nane nikashtuka kama kawaida, moyo unaenda mbio, mkono ukaenda wenyewe chini ya mto ukakuta hakuna kitu. Nilitaka kuanza kukemea, kinywa kikawa kizito, nikasema tu Baba. Nikasema tena. Nikageuza mto upande wa baridi.

Sijui kama nililala haraka, ila asubuhi imenikuta nimelala.

Jumapili nitampigia shangazi. Nataka aniambie babu alikuwa anacheka nini.