Masaa sita Mombasa

Jana meli ya watalii anayofanyia kazi binamu yangu ilifunga gati hapa Kilindini, naye kapewa masaa sita tu ya kutembea. Wenzake wakakimbilia zile sanamu za pembe za ndovu pale Moi Avenue kupiga selfi, mimi nikamwambia hizo utaziona tukipita, twende Fort Jesus kwanza kabla jua halijawa kali. Ile ngome Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, panda juu kabisa upande wa bahari upigwe na upepo, yani hata kuongea hutaki. Halafu tukaingia Mji wa Kale kwa miguu na hapa ndo ushauri wangu, weka ramani mfukoni upotee tu, vichochoro vyenyewe vitakutoa, ila picha za watu omba kwanza. Tukala viazi karai na ukwaju, tukashushia kahawa tungu na kashata, mmh! Sokoni Marikiti akauziwa bizari kwa bei ya mgeni sababu ya ile beji ya meli shingoni (vueni beji jamani). Tuktuk patana bei kabla hujapanda. Feri ya Likoni, ambayo kwa miguu ni bure, tukaikosa, muda ulikua ushaisha.