Ninavyofunga na kufunika mashua yangu katika Mto Pangani

Mashua yangu ni ndogo, ya mbao, na hulala katika Mto Pangani, juu kidogo ya kivuko cha kwenda Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani. Anayesikia kwamba chombo kinalala mtoni hudhani kazi ya kukifunga ni nyepesi, kwa kuwa hakuna mawimbi makubwa. Hata hivyo, sehemu hii ya mto hutawaliwa na bahari: maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kina hubadilika kwa kiasi kinachozidi kimo cha mtu. Mkondo nao hugeuka kila maji yanapogeuka.

Kwa sababu hiyo sikupenda kuifunga kwenye mikoko ya ukingoni. Kamba iliyopimwa maji yakiwa yamepwa huwa fupi yakijaa na huivuta omo, yaani sehemu ya mbele, chini, na iliyopimwa yakiwa yamejaa huiacha mashua ikae topeni kwa ubavu. Niliamua kuiweka ndani ya maji, kando ya njia ya vyombo, kwa nanga mbili: moja upande wa juu wa mto, nyingine upande wa baharini, na kamba zote mbili zikafungwa omo, hivyo mashua hugeuka pamoja na mkondo bila kutangatanga. Nanga ya upande wa juu ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa maji yanapotoka, nguvu ya kupwa huungana na ya mto wenyewe, na wakati wa masika huleta pia magogo na magugu ambayo hunasa kwenye kamba na kuongeza uzito wake.

Urefu wa kila kamba ni takriban mara tano ya kina cha maji yaliyojaa, maana kamba fupi huinyanyua nanga badala ya kuilaza ishike tope. Natumia nailoni, ambayo huzama na kunyumbuka kidogo. Kamba ya manila ya plastiki ni ya bei nafuu zaidi, lakini huelea, na mashine ya boti ya jirani ikipita usiku huikata au kujinasa nayo. Mahali kamba inapogusa mbao nimeivisha kipande cha mpira wa maji ili isisagike. Mashine yangu, bila shaka, hulala nyumbani.

Kufunika ndiko kulikonichukua muda mrefu zaidi kupata utaratibu wake. Turubai likitandazwa tu juu ya mashua, mvua hutuama katikati, na uzito wake huliponda mpaka maji yaingie ndani. Nimesimamisha panda mbili, moja omo na moja tezi, yaani nyuma, na juu yake nikalaza upondo wangu, mti mrefu wa kusukumia mashua, ambao haukuwa na kazi usiku. Turubai hupita juu yake na kushuka pande zote mbili kama paa. Ncha zote mbili naziacha wazi, kwa sababu mbao zisizopata hewa huota ukungu. Matundu ya pembeni yaliyotiwa vyuma hung'oka upepo wa kusi unapokaza, kwa hiyo siyategemei: nafumbata kokoto ndani ya pindo la turubai lenyewe, naikaza kamba shingoni mwa kifundo hicho, kisha naipitisha chini ya mashua hadi upande wa pili.

Wenzangu wengi hufunika kwa hofu ya chumvi, jambo ninalolitilia shaka. Mvua huozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, na jua kali hukausha mbao za juu hata kalafati, yaani pamba iliyozibia nyufa kati ya mbao, ikaachia. Kwa hiyo, wakati wa kiangazi, nachota ndoo ya maji yanapokuwa yanajaa, ambapo chumvi huwa nyingi mtoni, na kuzimwagia mbao hizo kwa ndani kabla ya kurudisha turubai. Yanayotuama katika ngama, chini kabisa ndani ya mashua, nayakumba asubuhi, nikiangalia pia kama kamba mbili za nanga zimesokotana, kwani mashua inayogeuka kila siku huzisokota taratibu. Zikiwa zimesokotana, naizungusha kinyume kwa kasia hadi ziachane.