Taa hana mfupa

Jana nimenunua samaki aitwaye taa pale Feri, Mtwara, mama akampika kwa nazi. Binti wa dada yangu akawa anatafuna mpaka kile tulichozoea kukiita mfupa. "Mamdogo, mbona huu unatafunika?"

Nikamwambia huo siyo mfupa, ni gegedu, kama la sikio lako. Akajishika sikio.

Basi hapo nikanogewa (mnanijua). Nikamwambia hata mifupa ya miguu yake ilianza hivyo hivyo tumboni. Mimba ikiwa bado changa, jeni iitwayo SOX9 huwaka ndani ya seli fulani za kiinitete. Seli hizo husongamana pale mguu unapotaka kutokea, kisha SOX9, ikisaidiwa na wenzake SOX5 na SOX6, huwasha jeni ya kolajeni ya aina ya pili (protini inayolipa gegedu uimara), na gegedu linaanza kujengeka. Mfupa huja baadaye kuchukua nafasi. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kuwa nakala moja tu kati ya mbili za SOX9 ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa na miguu iliyopinda. Nakala moja!

Mama kutoka jikoni: "We, mwache mwenzio ale, ugali unapoa."