Mmamba si Mamba: Asubuhi Moja Mabamba

Tulivuka kwa boti kutoka Nakiwogo, Entebbe, umande haujakauka, kisha tukapanda bodaboda hadi mwalo wa Mabamba, kinamasi kando ya Ziwa Viktoria, Uganda. Huko mtumbwi ulikuwa tayari.

Huko kuna mmamba, na kwa sikio la Mswahili jina hili linatisha. Lakini mmamba wa Waganda si mamba. Ni kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye asipopanda juu kuvuta hewa hufa maji. Anapopanda, ndege aitwaye korongo-nyangumi humvizia. Ndege huyo Waganda humwita bbulwe, na ndiye niliyemfuata.

Tulipenya mafunjo yaliyotuzidi kimo, mwenyeji wetu akisukuma upondo polepole ili asivunje mayungiyungi. Ghafla akanyamaza na kuelekeza kidevu. Alikuwa pale: kijivu, zaidi ya mita moja kwenda juu, mdomo mpana kama kata ya kutekea maji. Hakutikisika hata unyoya. Tulikaa naye karibu saa nzima, na sikuchoka.

"Zamani wavuvi walimuua, nnyabo," yaani bibi, mwenyeji alininong'oneza. Ukikutana naye kabla ya kutega nyavu, iliaminika, siku hiyo hupati samaki. Mwaka 2006 Mabamba iliingia katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Naiheshimu orodha hiyo, ila kwa macho yangu anayemlinda bbulwe kila siku ni huyu mwenye upondo, ambaye karo ya wanawe inatokana na wageni wanaokuja kumwona.

Kumbe yeye mwenyewe ni wa ukoo wa Mmamba. Kamongo ni muziro wake, yaani mnyama wa ukoo ambaye ni mwiko kumla. Hamli tangu azaliwe. Mkuu wa ukoo huo, Gabunga, ndiye aliyesimamia mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, ziwani. Nilipolijua hilo, nikaitazama upya mikono yake ilivyoshika ule upondo.

Ndipo ndege akajirusha kwa uzito wake wote. Maji yakaruka. Akainuka na fungu la nyasi mdomoni, na katikati yake kamongo akijipinda. Akazitema nyasi, akammeza.

"Ssebo," yaani bwana, "huumii kuuona muziro wako ukimezwa?" nilimuuliza mwenyeji.

Alitikisa kichwa. "Bbulwe naye ana mtoto wa kulisha," akasema, akaugeuza mtumbwi taratibu, tusimshtue.