Tunachokikosa kwenye chumba cha giza

Mwulize yeyote aliyewahi kusafisha picha kwa mkono anakumbuka nini, atakutajia jambo lile lile. Karatasi nyeupe inazama kwenye beseni la dawa chini ya taa nyekundu, sekunde kadhaa zinapita bila kitu, halafu unatokea weusi wa nywele, kisha macho, kisha ukingo wa shavu. Ni jambo zuri kweli na sishangai likikumbukwa. Lakini picha inapochomoza kwenye dawa, kazi yenyewe imekwisha kitambo. Pale hakuna uamuzi uliobaki. Karatasi yenye plastiki hukaa kwenye dawa dakika 1, ya nyuzi dakika 2 au 3, basi. Anayeitoa mapema kwa kuogopa kuwa inazidi kuwa nyeusi anapata weusi uliofifia na madoa, kwa sababu dawa haikupewa muda wa kumaliza. Kosa lilifanyika kabla, kwenye mwanga.

Ndiyo maana naona kinachotutia hamu ni ile kazi iliyotangulia beseni: mwanga, joto na muda vikiwa mikononi mwako, kila kimoja na kipimo chake, na hakuna kilichofanyika kinachoweza kufutwa.

Kazi huanza na filamu, na hapa hata taa nyekundu haina nafasi. Filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe huona rangi zote, nyekundu ikiwemo. Karatasi ndiyo isiyoiona nyekundu. Kwa hiyo filamu huviringishwa kwenye gurudumu la tangi, chombo chenye kifuniko kisichopitisha mwanga, katika giza totoro, kwa vidole peke yake. Gurudumu lazima liwe kavu kabisa. Tone moja la maji lililosalia kwenye mifereji yake hulainisha jelatini, filamu inanata katikati ya safari, na hapo ndipo wengi huharibu. Ikikwama usisukume. Nguvu huikunja, na kila mkunjo huacha alama ya mwezi mchanga ambayo hakuna dawa ya kuiondoa. Irudishe nyuma, izungushe upya. Ukiwa unafanyia kazi ndani ya mfuko mweusi na mikono imeanza kutoa jasho, tia kila kitu ndani ya tangi, funga kifuniko, toa mikono ipoe, kisha endelea. Kukata pembe mbili za mwanzo wa filamu kabla ya kuiingiza husaidia kuliko watu wanavyodhani. Na kama tabaka mbili zitagusana ndani ya gurudumu, dawa haitapita hapo: utatoa filamu yenye kiraka cha rangi ya maziwa mahali palipokuwa na picha.

Joto la kawaida la dawa ni nyuzi 20 za Selsiasi. Mfano wa kushika: filamu ya HP5 Plus ya kampuni ya Ilford iliyopigwa kwa ISO 400 (kipimo cha wepesi wake wa kuona mwanga), kwenye dawa ya ID-11 isiyochanganywa na maji, husafishwa kwa dakika 7 na nusu, ukichanganya dawa hiyo hiyo na maji nusu kwa nusu, dakika 13. D-76 ya Kodak, iliyoko tangu 1927, ni dawa ya karibu sana na hiyo. Tangi la Paterson la filamu moja ya milimita 35 linataka mililita 290. Ukipunguza, ukingo wa juu wa filamu utabaki haujasafishwa vizuri. Geuza tangi juu chini mara 4 katika sekunde 10 za kwanza, kisha mara 4 mwanzoni mwa kila dakika, na kila ukimaliza kugeuza ligonge kidogo juu ya meza. Kugonga huko kunaondoa mapovu. Povu lililoganda juu ya filamu huzuia dawa, linaacha duara angavu kwenye negativu (filamu iliyokwisha kusafishwa, ambamo weusi na weupe vimebadilishana), na duara hilo huchapwa kuwa doa jeusi katikati ya anga. Wanaotikisa tangi kwa nguvu bila kupumzika nao wanapata malipo yao: kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, inapanda na michirizi inatokea kando ya matundu ya filamu.

Dawa ikiwa ya moto, muda hupungua. Kutoka nyuzi 20 hadi 24 unapoteza karibu theluthi ya muda. Jedwali la muda na joto lipo kwa kila dawa na linafuatwa vizuri, ila muda ukishuka chini ya dakika 5 filamu huanza kusafika kwa mabaka, kwa sababu sekunde chache za kumimina na kumwaga zinakuwa sehemu kubwa ya kazi. Ni salama zaidi kuliweka tangi ndani ya beseni la maji yenye joto linalotakiwa. Dawa ya kusimamisha kazi ya ile ya kwanza, fiksa (dawa inayoondoa chumvi za fedha zilizobaki) na maji ya kusuuzia yasipishane nayo kwa zaidi ya nyuzi chache.

Fiksa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, ilhali ndiyo iliyoifanya picha idumu. John Herschel alieleza mwaka 1819 kwamba thiosalfeti ya sodiamu huyeyusha chumvi za fedha, na mwaka 1839 jambo hilo likaingizwa kwenye upigaji picha. Kabla ya hapo tatizo lilikuwa kuizuia picha isiendelee kuwa nyeusi kila inapoona mwanga. Leo jaribio la fiksa ni jepesi mno kuliacha. Chukua kile kipande cha mwanzo wa filamu ulichokikata, kitie kwenye fiksa mwanga ukiwa umewaka, hesabu sekunde mpaka kiwe angavu kabisa, kisha zidisha kwa mbili. Huo ndio muda wa filamu yako. Siku kipande kikichukua mara mbili ya muda kilichochukua fiksa ilipokuwa mpya, fiksa hiyo imechoka. Filamu ikitoka na utando wa maziwa, usihuzunike: irudishe kwenye fiksa mpya, hata kama tayari imeona mwanga, itasafika. Fiksa iliyotumika ina fedha ndani yake, kwa hiyo isimwagwe kwenye bomba. Ikusanywe kwenye chupa na ipelekwe wanakopokea taka za kemikali. Kusuuza filamu hakuhitaji mto wa maji: jaza tangi, geuza mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, jaza tena, mara 20. Kisha tone moja la dawa ya kuondoa madoa ya maji, na filamu inaning'inizwa mahali pasipo na vumbi, kibanio kizito chini ili isijikunje.

Sasa karatasi. Kwenye mashine ya kukuzia picha, weka negativu upande wenye dawa ukitazama chini, fungua lenzi yote, tafuta ukali wa picha kwa kuangalia chembe zenyewe kwa kikuza, kisha punguza tundu la lenzi hadi kipimo cha f/8. Kuna kosa moja linalowapotezea watu karatasi nyingi bila kujua chanzo chake. Negativu ikipata joto la taa hujipinda na kutoka kwenye ukali uliouweka. Acha taa iwake kidogo kabla ya kurekebisha, au tumia kishikio chenye vioo viwili, ukikubali kwamba sasa una nyuso nne zaidi za kufuta vumbi.

Halafu kipande cha majaribio, ukanda wa karatasi unaoangaziwa kwa muda tofauti tofauti ili uchague ulio sahihi. Kwangu hiki ndicho roho ya chumba cha giza. Wengi walifundishwa kukiangazia kwa hatua za sekunde 5: 5, 10, 15, 20, 25. Inafanya kazi, lakini tazama kinachotokea. Kutoka 5 kwenda 10 umeongeza mwanga maradufu. Kutoka 20 kwenda 25 umeongeza robo tu. Ncha moja inaruka, nyingine inatambaa. Afadhali hatua zinazokua kwa uwiano. Angaza karatasi yote sekunde 8. Funika sehemu ya kwanza kwa kadi, ongeza 3.3. Sogeza kadi, ongeza 4.7. Tena 6.6, na mwisho 9.4. Umepata 8, 11.3, 16, 22.6 na 32, na kila hatua iko mbali na mwenzake kwa nusu stopu (stopu moja ni mwanga maradufu). Weka kipande hicho mahali penye jambo muhimu kwenye picha, na ukielekeze ili kila mstari upate weusi na weupe. Kipande kilicholala juu ya anga tupu hakisemi kitu.

Kukisoma kuna mpangilio wake. Muda huchaguliwa kwa kuangalia weupe: tafuta mstari ambamo shati jeupe bado lina nyuzi zake, halijawa karatasi tupu wala kijivu. Baada ya hapo, katika mstari huo huo, angalia weusi. Kama weusi ni wa majivu, kontrasti haitoshi, panda filta, kioo cha rangi kinachowekwa kwenye njia ya mwanga. Kama vivuli vimemeza kila kitu, shuka. Karatasi za kontrasti nyingi, ambazo Ilford ilizileta mwaka 1940, hubadilishwa kwa filta kuanzia 00 hadi 5, na anayeanza aanzie 2. Ukitumia filta za Ilford, kuanzia 00 hadi 3½ muda haubadiliki. Kuanzia 4 hadi 5 uzidishe kwa mbili. Anayejaribu kutibu weusi dhaifu kwa kuongeza sekunde anaua weupe wake, na anaweza kuzunguka hapo jioni nzima.

Kisha mikono. Kukinga ni kuzuia mwanga usifike mahali fulani kwa sehemu ya muda, kwa kiduara cha kadi kilichobandikwa kwenye waya mwembamba. Kuongeza ni kupitisha mwanga wa ziada kwenye tundu la vidole au la kadi. Alama za kiduara chenye kijiti na mkono uliokunjwa zilizoko kwenye Photoshop zimetoka hapa. Tofauti ni kwamba hapa mkono hautakiwi kusimama. Kadi ikitulia, ukingo wake unachorwa. Ikishuka karibu na karatasi, ukingo unakuwa mkali. Waya usiposogea, unaacha mstari mweupe shingoni mwa mtu. Katika sekunde 16, kumkinga uso kwa 3 au 4 kunatosha. Na mwendo ule hauwezi kurudiwa sawasawa. Chapa mbili za negativu moja, kwa mkono mmoja, usiku mmoja, zikiwekwa pamoja hutofautiana.

Kompyuta inafanya mengi ya haya vizuri zaidi, na kwa kazi ya kila siku sioni sababu ya kuikataa. Lakini kitufe cha kurudi nyuma kimeondoa gharama ya kutokuwa na uhakika. Pale karatasi inapokwisha, mtu husimama mbele ya kipande cha majaribio na kufikiri kabla ya kugusa swichi. Kufikiri huko ndiko ninakokutamani, na sijaona programu inayokudai.

Habari njema ni kwamba mlango haujafungwa. Kodachrome, filamu ya rangi ya Kodak, ilikuwa na bahati mbaya, kwa sababu kemia zilizotengeneza rangi zake zilikuwa kwenye dawa za maabara, hazikuwa ndani ya filamu. Maabara ya mwisho, Dwayne's Photo huko Kansas, ilipoacha kuzipokea mwisho wa 2010, filamu zilizosalia hazikuweza tena kupata rangi zile. Nyeusi na nyeupe ni imara zaidi. Kodak ilisimamisha karatasi zake za nyeusi na nyeupe mwaka 2005, lakini wengine wanaendelea, na kemia yake ni nyepesi kiasi kwamba filamu husafishwa hata kwa kahawa. Kwa lita 1 ya maji: gramu 54 za magadi ya kufulia yasiyo na maji ndani yake, gramu 16 za vitamini C, gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka, dakika 15 kwa nyuzi 20. Yeyusha magadi kwanza, na usitumie magadi ya kuokea. Harufu yake haisahauliki, na filamu hutoka na wekundu kidogo wa kahawa usiodhuru uchapaji.

Ukishindwa kupata giza kamili kwa ajili ya karatasi, pima badala ya kubahatisha. Iangazie karatasi kidogo chini ya mashine mpaka ipate kijivu hafifu, weka sarafu juu yake, iache dakika 5 chini ya taa nyekundu, kisha isafishe. Ukiona umbo la sarafu, taa yako inavuja au iko karibu mno.

Na karatasi ya nyuzi isihukumiwe ikiwa imelowa. Chapa iliyoko kwenye maji hung'aa, weupe wake unaonekana umejaa nuru. Ikikauka, weupe huo hushuka na picha nzima inakuwa nzito kidogo. Kausha kipande cha majaribio mpaka kikauke kabisa, kitazame kwenye mwanga ambamo picha itatundikwa, kisha amua. Sekunde 16 zilizopendeza majini, kipande kikikauka mara nyingi zinataka kuwa 14 na nusu.