Kofia ya Pama Iliyonipa Jina Mbagala

Nashona Mbagala, na lebo yangu inajulikana kwa nguo za kukinga jua, hasa kofia za pama na mashati ya mikono mirefu ya watu wenye ualbino. Wateja hawa mafundi wa mtaani hawawagombanii. Wengi tunakimbilia sare za harusi na za vikoba, na huko bei inashushwa mpaka fundi anabaki na pesa ya uzi.

Aliyenifungua macho ni mama wa mwanafunzi. "Dada fundi, kapelo inamkinga uso, lakini masikio na shingo vinaungua." Ngozi yenye upungufu wa melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, haina kinga ya kutosha dhidi ya miale ya jua, na kuungua mara kwa mara ndiko kunakoleta saratani ya ngozi baadaye. Watu hudhani nguo nyeupe ndiyo salama kwa sababu haishiki joto. Shati jeupe la sare likiwa jepesi jua linapenya, na likilowa linapenya zaidi.

Nikaenda Kariakoo kutafuta kitambaa. Mtaa wa Uhuru kila jora nililoonyeshwa nilinyanyua pindo lake kwenye taa. Nikiona mwanga, narudisha, hata muuzaji apunguze bei vipi. Nikatulia kwenye popilini iliyofumwa kwa kubana, bluu iliyokoza. Vitambaa vya kuvutika niliviacha, maana vikivutika nyuzi zinaachana. Joto la Dar tunalijua, kwa hiyo shati nalikata pana na kuacha upenyo mgongoni, umefunikwa na kipande cha juu.

Kofia ndiyo iliyonichukua muda. Ukingo ni inchi 3 kuzunguka kote, na ndani una kitambaa kigumu ili usilegee. Upande wa chini wa ukingo naweka rangi nyeusi, kwa sababu wateja wangu wengi macho yao hayavumilii mng'ao, na rangi nyeupe pale chini hurudisha mwanga machoni. Kijana wa Kigamboni akaijaribu, akasema, "Dada, upepo wa pantoni utaondoka nayo hii." Tukaongeza kamba ya kidevuni. Karibu kila kizuri kilichomo kwenye kofia hii kimetoka kwa anayeivaa.

Jambo moja sikubali kabisa: picha za huruma. Nilishauriwa nionyeshe watoto wenye vidonda ili watu waguswe wanunue. Nilikataa. Mteja wangu anataka kupendeza Idi au Jumapili kama mtu mwingine yeyote, basi picha zangu ni za watu waliopendeza, na kwa ridhaa yao. Ndani ya kila kofia naweka kikaratasi: paka losheni ya kukinga jua pale nguo isipofika, na kidonda kisichopona kiwahishwe hospitali.

Wazazi wasioweza kulipa kwa mkupuo wanadunduliza, naandika daftarini. Hao ndio walionitangaza, kliniki kwa kliniki, shule kwa shule. Jina lilipoanza kutajwa na watu nisiowafahamu, nikalisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara.

Sasa madereva wa bodaboda na wauza samaki wa Feri nao wanazitaka kofia hizi, na nawashonea kwa furaha. Ila Januari shule zikifunguliwa, oda za wanafunzi wenye ualbino zinatangulia, na wengine wote wanasubiri zamu.