Pima gogo kabla ya kuwasha chensoo

Ukishusha tawi kwa kamba, unaweza kulilegeza kidogo kidogo. Kwenye kreni hakuna nafasi hiyo: msumeno ukimaliza kukata, uzito wote unahamia kwenye ndoano papo hapo, na gogo huwezi kulirudisha kwenye shina. Ndiyo maana hesabu naifanya kabla.

Hapa Njiro, Arusha, tuliitwa kuondoa mkaratusi ulioinamia paa. Mzee mwenye nyumba akaniona nahangaika na futi kamba.

"Mwanangu, si mkate tu? Kreni yenu si ya tani 25?"

"Mzee wangu, hizo tani 25 ni za mzigo ulio karibu kabisa na kreni. Mkono ukinyooshwa mita 20 kuvuka nyumba yako, zinabaki chache sana."

Uwezo wa kila umbali umo kwenye jedwali la kreni. Opereta asiyelifungua, mimi sipandi mti wake.

Kupata uzito wa gogo, nazidisha kipenyo kwa kipenyo, mara 0.785, mara urefu, vyote kwa mita. Mzunguko ukiugawa kwa 3.14 unapata kipenyo. Jibu ni mita za ujazo. Kwa mkaratusi mbichi nazidisha kwa kilo 1,100. Gogo la mita 4 lenye kipenyo cha sentimita 60 linafika kama kilo 1,240. Sasa liwe na sentimita 80, urefu uleule: kilo 2,200 na ushee! Vijana wengi jicho lao linatazama urefu, wakati hatari iko kwenye unene. Kipenyo kikiwa mara mbili, uzito ni mara nne.

Shina linapanuka kuelekea chini, kwa hiyo napima ncha nene na kuhesabu gogo zima kwa unene huo. Penye panda kila tawi lina hesabu yake, na majani yamo. Shina lenye uwazi ndani nalihesabu kama limejaa. Halafu naongeza ndoano na mikanda, na jumla hiyo sikubali ivuke robo tatu ya kinachoruhusiwa na jedwali kwa umbali ule.

Kipande cha kwanza nakikata kifupi kwa makusudi. Kikining'inia, opereta ananisomea kilo kwenye kipimo chake. Zikizidi zangu, vinavyofuata navifupisha vyote.